Wageni wa Senge Kando ya Lambo

Miaka ile biashara ya pamba ilipoachwa huru, na wanunuzi binafsi wakaanza kuleta mizani yao hadi vijijini, nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mjini Bariadi. Kila mwaka ilifika zamu ya mada niliyoipenda kuliko nyingine zote: namna jamii za wakulima wa kale zilivyozaa miji, miji ikazaa dola, na dola zikazaa himaya. Niliifundisha kwa mpangilio niliourithi kwa walimu wangu. Kwanza ziada ya nafaka. Kisha ghala la kuiweka. Kisha mlinzi wa ghala. Kisha mtu wa kumwamuru mlinzi. Mfalme, karani, jeshi na ushuru vilifuata kwa zamu yao. Nilichora mishale ubaoni kutoka hatua moja hadi nyingine, na wanafunzi wakainakili kwa rula.

Sina ugomvi na mpangilio ule hata leo. Ila nilipoanza kuufundisha sikuwa nimewahi kumwona mtu aliyesimama katikati ya hatua mbili, mguu mmoja umeondoka na wa pili haujapata pa kukanyaga. Mtu huyo nilimwona kijijini kwetu, safari ya baiskeli kutoka Dutwa, likizo moja ya kiangazi, naye alikuwa shangazi yangu.

Kwetu shangazi huitwa senge, na hivyo ndivyo nilivyomwita tangu nilipojua kusema. Yeye aliniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake mzazi, na ilikuwa desturi yake kunikaripia kwa heshima zote anazostahili mzee aliyekwisha kuzikwa. Alikuwa amefiwa na mume ugenini, hakujaliwa mtoto wa kiume, na kaka zake walimrudisha nyumbani wakampa sehemu ya kupikia nyuma ya boma la mkubwa wao, pamoja na ukanda mwembamba wa shamba la pamba. Hakulalamika. Lakini kila aliyepita alimkuta akiinjika chungu juu ya mafiga ya mwanamke mwingine, na jambo hilo lilimla taratibu kama mchwa anavyokula mpini wa jembe.

Mwaka ule ilitangazwa kwamba mnada wa ng'ombe ungeanza kufanyika kila juma kando ya barabara kuu, si mbali na kijiji chetu. Zamani ng'ombe waliuzwa kwa utaratibu uliopangwa na wakubwa mbali na sisi. Sasa mwenye ng'ombe angeweza kumswaga hadi mnadani na kuuza kwa amtakaye. Njia fupi ya wachungaji kutoka upande wa Mwandoya, wilayani Meatu, ilipita ubavuni mwa kijiji chetu, karibu na lambo, bwawa letu la kunyweshea mifugo. Senge aliliona hilo kabla ya wengi. Akawaendea kaka zake na kuwaambia kwamba anaurudisha ukanda wa pamba, nao wamwombee kwa wazee kiwanja kati ya lambo na njia, ajenge nyumba ya kuuza chakula na kulaza wapita njia.

Wazee walikubali kwa sharti moja. Kiwanja kilikatwa kwenye ngitili, yaani sehemu ya malisho ambayo kijiji huifunga wakati wa masika ili nyasi zisimame na kuwaokoa ng'ombe kiangazi kinapokaza. Kwa hiyo ilisemwa wazi: kama hadi mvua za kupandia nyumba hiyo haijaweza kumlisha mwenyewe, kiwanja kitarudi kuwa nyasi. Kaka zake nao walikwisha kuugawana ukanda wa pamba. Senge alikuwa ameachia mkono mmoja kabla wa pili haujashika kitu.

Nilipofika likizo nilimkuta akipiga lipu ya udongo kwa kiganja, nyumba ya vyumba viwili, matofali ya kuchoma, paa la nyasi. Nilivua shati nikamsaidia kukanda udongo. Aliniuliza habari za kazi, nami nikamweleza mada niliyokuwa nimeimaliza darasani. Akataka kuisikia. Nikamsimulia habari za nchi iliyo kati ya mito miwili, jinsi watu wake walivyochimba mifereji, wakavuna kuliko walivyoweza kula, na jinsi pale penye ghala na maji palivyogeuka kuwa mji wenye kuta. Nikamwambia kwamba hata watemi wetu wa kale walishika nchi kwa namna inayofanana: walipokea nafaka wakati wa shibe wakaitoa wakati wa njaa, na ngoma yao ilisikika hadi nafaka ile ilipofika. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kazi.

"Na yule aliyejenga wa kwanza," akasema, "alikula nini kabla wenziwe hawajaja?"

Nilimjibu kwa uaminifu kwamba maandishi yaliyosalia hayamtaji.

"Basi walianza kuandika walipokwisha kushiba," akasema, akachota udongo mwingine.

Mnada ulianza. Jioni ya kuamkia siku yenyewe walikuja wachungaji wa kwanza, mtu wa makamo na vijana wake, na kundi la ng'ombe lililochoka kwa safari ya siku kadhaa. Senge alikuwa amesonga ugali na kuchemsha matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu yaliyokaushwa baada ya kuchemshwa. Lakini ng'ombe walinusa maji kabla wachungaji hawajanusa chakula. Kundi likaingia lamboni moja kwa moja.

Sheria ya lambo ilikuwa ya zamani na kila mtu kwetu aliijua. Tangu nyasi zinapokauka hadi mvua ya kwanza, hanywi pale ng'ombe asiye wa kijiji. Vijana wa ulinzi walitokea kwa filimbi, wakawakamata wachungaji, na asubuhi ilipopambazuka wazee wa dagashida, baraza letu la kijiji, waliamua kama ilivyo desturi. Faini ya kwetu haiwekwi mfukoni mwa mtu. Huliwa. Mkosaji hutoa fahali, fahali huchinjwa hapo hapo, na wote hula pamoja, mkosaji akiwa katikati yao. Akisha kula, kosa limekwisha. Hakuna aruhusiwaye kumtajia tena. Tangu utoto nimewaona watu waliokuwa wakitaka kushikiana fimbo wakimegeana maini ya fahali wa faini, na nimesoma sheria za mataifa mengi ya kale bila kukutana na hukumu iliyo na hekima kuliko hiyo.

Fahali alichinjwa. Mchungaji yule aliitwa aje kula. Hakuja. Aliketi mbali, mikono imeegemea fimbo, akitazama moshi. Aliitwa mara ya pili, akasema ameshiba, na wazee wakanong'onezana kwamba watu wa kule wana kiburi. Sehemu yake ilipelekwa kwenye jani. Ilibaki pale ikikusanya nzi. Baada ya hapo akawaswaga ng'ombe waliosalia kwenda mnadani, na katika kupita aliuambaa mlango wa Senge bila kugeuza shingo.

Nililitafakari jambo lile siku nyingi, na bado nadhani ndilo fundisho kubwa nililowahi kulipata juu ya mada yangu. Faini iliyoliwa ilikuwa dawa kwa mtu wa kwetu, kwa sababu mtu wa kwetu kesho angekula fahali wa jirani yake kama jirani alivyomla wake. Duara hilo liliwatosha watu wanaojuana. Yule mgeni hakuwamo ndani ya duara. Kwake hakukuwa na kesho ambayo angerudishiwa. Aliona watu wengi wakimla ng'ombe wake na kumkaribisha aonje. Wazee hawakuwa wezi wala wakatili. Walimtendea mgeni kama ndugu, na hapo ndipo walipokosea.

Juma lililofuata hakupita mchungaji hata mmoja. Habari za fahali zilikuwa zimetangulia, na makundi yalizunguka mbali, upande wa pili wa mto wa mchanga. Chungu cha Senge kilipoa. Juma la pili vilevile. Wifi yake, mke wa kaka mkubwa, alikuja kutazama, akasimama mlangoni na kusema kwa sauti ya huruma ambayo haikuwa huruma tupu kwamba nyumba ni nzuri, hata popo wataipenda. Senge akamkaribisha ugali, kwa kuwa, alisema, ulikuwepo mwingi. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya alasiri upande wa ziwa na kutawanyika, kama yanavyofanya kabla ya kuamua.

Mkesha wa mnada uliofuata Senge alijitwika mtungi wa maziwa akaniambia nimfuate. Tulikwenda hadi pale njia inapogawanyika, moja ikija kwetu, nyingine ikizunguka. Hakunieleza anachokusudia. Jua lilikuwa bado juu kiasi tulipoliona vumbi, na chini ya vumbi lile alikuwa yule yule mchungaji wa makamo. Senge alipiga goti kidogo, kama anavyofanya mwanamke wa kwetu akimsalimu mtu mzima, akampa maziwa.

"Karibuni," akasema. "Leo mnalala kwangu."

Mchungaji alinywa, akafuta masharubu. "Mama, mgeni wa kijiji chenu hulisha wenyeji."

Vijana wake wakacheka. Senge alingoja wamalize.

"Mlikosea mlango," akasema. "Mlianzia lamboni. Leo anzieni kwangu."

Sikuelewa mara moja, na wale vijana wa ulinzi walipotukuta baadaye nao hawakuelewa. Kundi zima liliongozwa hadi uani kwa Senge kwanza, mahali palipokuwa padogo hata pembe za ng'ombe zilikwaruza lipu yake mpya. Wachungaji waliingia ndani, wakaketi, wakanawa, wakala. Baada ya kula ndipo Senge alipotoka, akawaambia vijana wa ulinzi kwamba anapeleka ng'ombe wa wageni wake kunywa. Kwetu kila kaya ina haki ya maji ya lambo, na ng'ombe wa mgeni huhesabiwa kuwa ng'ombe wa mwenyeji wake hadi mgeni atakapoaga. Sheria hiyo nayo ilikuwa ya zamani. Ilitungwa kwa ajili ya mkwe anayekuja na mbuzi wawili. Hakuna aliyewahi kuifikiria kwa kundi linalojaza njia. Kiongozi wa vijana alishika filimbi mdomoni muda mrefu bila kuipuliza. Ng'ombe wakanywa, na dagashida ikaitwa kukutana asubuhi.

Tulikutana mbele ya ghala la zamani la chama cha ushirika, ambalo tangu wanunuzi wapya waje lilikuwa halifunguliwi sana. Katika dagashida mwanamke husemewa na mwanamume wa nyumba yake, na kwa kuwa kaka zake Senge hawakutaka kusimama upande wowote, kazi hiyo iliniangukia mimi. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kwa mpangilio mzuri. Nilianza na mto mkubwa wa Misri.

Mzee aliyeongoza baraza, mtu mpole aliyewahi kuwa mpima pamba, aliniacha niende kwa muda, kisha akauliza kama huko Misri nako kulikuwa na ng'ombe wanaongoja kwenda mnadani. Watu wakacheka, nami nikacheka, na nikashukuru, maana kicheko kile kilinirudisha kwenye jambo lenyewe. Nilisema kwamba swali mbele ya baraza halikuwa juu ya maji. Lilikuwa hili: je, nyumba ile ya vyumba viwili ni kaya? Kama ni kaya, mwenye nyumba anaweza kupokea mgeni, na ng'ombe wa mgeni wamekunywa kihalali. Kama si kaya kwa sababu mwenyewe ni mwanamke asiye na mume, basi wazee waseme hivyo leo hii, wakijua kwamba walimpa kiwanja mtu ambaye hawakumwona kuwa mtu mzima.

Alisimama mzee mmoja aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko sote. Hakuzungumza kwa hila, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema leo ni kundi moja, kesho ni Meatu yote. Lambo lilikuwa limejaa tope kiasi kwamba lisingewavusha hata ng'ombe wa kijiji hadi mvua. Alimuuliza Senge, kupitia kwangu, nani atawanywesha ng'ombe wetu, wageni watakapokuwa wamemaliza maji.

Nilimgeukia Senge ili nipate jibu la kupeleka. Akanipita, akasimama mwenyewe. Alianza kwa kuwaomba radhi baba zake na kaka zake.

"Yule fahali mlimla mkashiba siku moja," akasema. "Mlidhani mnakula fahali. Mlikuwa mnakula njia."

Hakuna aliyemkaripia. Nadhani walikuwa wameyaona hayo wenyewe, kwa kuwa mnada ulikuwa umeanza kuvuta watu kila upande isipokuwa wetu, na vijana wetu walikuwa wakipeleka baiskeli zao kutengenezwa kwingine, na mitumba na chumvi wakinunua kwingine. Lakini swali la tope lilikuwa bado limesimama.

Jibu lilitoka kwa yule mchungaji, aliyekuwa ameketi pembeni kama alivyoketi siku ya faini. Aliomba ruhusa ya kusema. Akaeleza kwamba kwao, ambako maji ni machache kuliko kwetu, anayenywesha hutoa tope. Mwenye kundi kubwa hutoa zaidi. Hawezi kunywa na kuacha shimo lilivyokuwa. Alisema angeona aibu kunywesha bure kwa mwanamke aliyemfuata njiani na maziwa, na kwamba kama wangempa karai na jembe vijana wake wangeanza mara moja.

Mzee wa baraza alimgeukia. "Kwa nini hukula siku ile?" akauliza.

"Nilikuwa nimeletwa," akajibu mchungaji. "Mtu hali karamu aliyoletwa kwa filimbi."

Hukumu ilitolewa kabla jua halijawa kali. Nyumba ya Senge ni kaya. Wageni watakaopokelewa kwake wananywesha, na kila kundi linatoa tope kwa kadiri yake kabla ya kuondoka, likionyeshwa pa kuchimba na vijana wa ulinzi. Faini ya fahali inabaki kwa mtu wa kijiji; mgeni akivunja sheria atatoa tope mara mbili, wala ng'ombe wake haliwi. Vijana wa mchungaji walishuka lamboni na karai, na wa kwetu, ambao hawakutaka kuonekana walegevu mbele ya watu wa Meatu, wakashuka nao. Ikageuka kuwa mashindano, yakaanza majigambo na nyimbo za jembe, na adhuhuri Senge alijikuta akipikia watu wengi kuliko vyungu alivyokuwa navyo. Ilimbidi aazime sufuria kwa wifi yake. Wifi alizileta mwenyewe, akabaki kusonga.

Nimeishi na vitabu maisha yangu yote, na najua kwamba tope la lambo linaweza kuandikwa kwa namna nyingine. Wafalme wa mito miwili nao walianza kwa kusafisha mifereji, na wajukuu wa waliosafisha kwa nyimbo walisafisha kwa fimbo. Dola huanza pale watu wanapokubali kufanya kazi kwa ajili ya maji ya wote. Himaya huanza pale anayechimba anapokuwa hana tena nafasi ya kusimama barazani na kusema kwa nini hakula. Umbali kati ya hayo mawili si mkubwa, na historia imeukatiza mara nyingi. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba watu wa kawaida, wakiwa na sheria mbili za zamani na mgeni mmoja mwenye haya, wanaweza kutunga ya tatu bila mfalme yeyote kuwaamuru. Tangu siku ile sijafundisha mada hiyo kwa huzuni waliyonifundishia walimu wangu, kana kwamba kila mji ni mtego uliokwisha kufyatuka.

Mvua za kupandia zilikuja zikakuta nyumba ya Senge ina moto. Hakuna aliyekwenda kuuliza habari za kiwanja. Kiangazi kilichofuata lambo lilishika maji zaidi kuliko nilivyokumbuka utotoni, na wachungaji walipita mkesha wa kila mnada. Nilikuwa nimekaa kwake likizo hiyo, nikimenya viazi kwa amri yake, alipokuja fundi wa baiskeli kutoka Mkula, mtu mwenye pampu begani na sanduku la vipuri kwenye keria ya baiskeli yake. Wazee walikuwa wamemwambia kwamba anaweza kupata mahali pa kujenga kibanda, mradi mwenye nyumba ya kwanza asipinge. Akamsalimu Senge kwa adabu na kuuliza kama angeweza kujibana ukutani mwake.

Senge alitoka nje akiwa na mwiko mkononi. Alitazama ukuta wake, akatazama njia, akatazama lambo. Akapiga hatua kubwa kutoka ukutani, moja baada ya nyingine, hadi ng'ombe wawili wangeweza kupishana bila kugusana pembe, akachora mstari ardhini kwa kisigino.

"Jenga kuanzia hapa," akamwambia. "Na atakayekuja baada yako, mwambie naye aache njia."